Kabla Hujaandika Jina la Mtoto

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kushika kalamu. Nilikuwa msichana wa Isevya, mjini Tabora, nimetoka chuo cha uhazili na cheti kwenye bahasha. Nikashuka Igunga katikati ya malori ya pamba, nikauliza njia ya kwenda shule ya sekondari. Mkuu wa Shule alisoma cheti changu, akakikunja, akanirudishia. Kisha akanionyesha benchi lililokuwa ukutani ndani ya masijala, yaani ofisi inayotunza kumbukumbu zote za shule.

"Kalunde, wiki hii utakaa hapo uwaangalie wazazi," alisema. "Ukishawajua wazazi, nitakupa daftari."

Nilinuna. Nilijua kupiga chapa bila kuangalia vidole, halafu nakalishwa benchi kama mgonjwa anayesubiri sindano! Lakini ilikuwa Januari, msimu wa kupokea kidato cha kwanza, na kwa siku tano nikaona mambo ambayo chuoni hawakunifundisha. Niliona baba aliyefunga barua ya mtoto ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya soksi. Mama mmoja alijibu maswali yote aliyoulizwa mwanawe, hata lile la "unapenda somo gani?" Mzee mwingine hakujua kusoma, akashika fomu kichwa chini miguu juu, akaitazama kwa makini, akatikisa kichwa kukubali. Nilitaka kucheka. Mkuu wa Shule akanitupia jicho, nikameza kicheko changu.

Siku ya sita alinipa daftari la udahili. Vijana wa leo mnaoingiza majina kwenye kompyuta huenda hamjalifungua sawasawa, ingawa bado lipo kabatini katika shule nyingi. Ni kitabu kikubwa chenye jalada gumu, na humo kila mwanafunzi anayepokelewa ana mstari wake mmoja: namba, jina, tarehe ya kuzaliwa, shule ya msingi aliyotoka, mzazi au mlezi wake, siku aliyoingia na siku aliyotoka. Namba hiyo hapewi mtu mwingine kamwe. Ripoti ya kila muhula, barua ya uhamisho, orodha ya watahiniwa wa kidato cha nne, vyote hutoka kwenye mstari ule. Humo hakufutwi kitu. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa, unaandika sahihi, na Mkuu wa Shule anatia saini na muhuri, ili kila atakayefungua aone kwamba ulikosea.

"Mwalimu akikosea ubaoni anafuta," Mkuu wa Shule aliniambia. "Wewe ukikosea hapa, mtoto wa watu atazunguka na kosa lako mpaka azeeke."

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mimi nikajiuliza, na mtoto je? Nikaipenda kazi ile tangu siku hiyo, na sioni haya kusema kwamba niliifanya vizuri.

Mwaka wangu wa tatu pale Igunga alikuja bwana mmoja mwenye maneno mengi, kavaa viatu vinavyong'aa, na mvulana nyuma yake. Barua ya kuchaguliwa ilikuwa halali. Nikachukua kitambulisho cha yule bwana, nikaangalia majina ya mtoto kwenye barua, nikaona hayakutani popote. Nikamwuliza mvulana, "Mwalimu wenu wa darasa la saba aliitwa nani?" Akamtazama yule bwana. Nikauliza, "Jina lako la tatu ni nani?" Akamtazama tena.

"Mtoto ana homa," yule bwana akasema.

"Basi tumpe dawa kwanza," nikajibu, nikaenda kumwita Mkuu wa Shule. Tuliporudi hatukumkuta mtu, barua tu imebaki mezani. Siku mbili baadaye akaja mama wa Kisukuma kutoka vijijini, analia, na mtoto wake wa kiume akiwa na sanduku la mbao kichwani. Barua yao ilikuwa imepotelea njiani, wakasikia kuna mtu ameiokota. Nikaitoa kwenye droo, nikampa mama mkononi. Kesho yake asubuhi Mkuu wa Shule aliwaambia wanafunzi wote mstarini: "Shule hii ina mlinzi wa geti na mlinzi wa daftari." Nilitembea wiki nzima nimeinua shingo. Na tangu hapo nikajiwekea sheria yangu mwenyewe, ambayo haikuandikwa popote: jina la mtoto lisipokutana na la baba, hapiti mtu.

Baada ya miaka mingi nilihamishiwa Tabora mjini, kwenye shule yenye mabweni, na huko ndiko nilikostaafia. Mkuu wa Shule alikuwa mama mmoja mkimya ambaye hakupandisha sauti na hakurudia agizo. Makamu wake alikuwa Muha wa Kasulu, mcheshi, aliyekuwa akinitania kwamba Wanyamwezi tulizoea kubeba mizigo ya misafara hadi pwani na ndiyo maana nabeba mafaili kwa raha hivyo. Nilimjibu kwamba wazee wetu hawakupoteza mzigo wa mtu, na mimi sijapoteza faili.

Pale mjini nilikutana na wazazi wa kila aina, kuanzia wenye maduka sokoni hadi wakulima wa Kwihara, ambako ndiko ninakoishi sasa. Wote niliwaambia maneno yaleyale, na nitawaambia nanyi mnaosoma. Maelekezo ya kujiunga, zile kurasa mnazochapisha siku hizi steshenari, yasome mwenyewe mpaka mwisho, na kama husomi tafuta mtu wako akusomee. Usimwachie kijana wa steshenari akujazie fomu kwa kukisia. Fomu ya afya ipelekwe kwa daktari pamoja na mtoto mwenyewe, maana niliwahi kuletewa fomu yenye muhuri huku mtoto hajakanyaga hospitali. Na kama mtoto ana pumu au kifafa, sema. Mama mmoja alificha kwa kuogopa binti yake atakataliwa, na siku binti alipobanwa kifua bwenini Matroni hakujua aanzie wapi. Alipona, lakini nywele za Matroni ziliongeza mvi. Weka namba za simu za watu wawili, na mmoja wao awe mtu anayepokea simu.

Kuhusu uhamisho nilikuwa mkali zaidi. Wazazi wanahama, wanapakia vitanda kwenye lori, ndipo wanakumbuka kwamba mtoto anasoma. Uhamisho unaanza na nafasi kule unakokwenda. Unaandika barua, Mkuu wa Shule unakotoka anaipitisha, wa shule unakokwenda anakubali, ofisi ya elimu inaidhinisha, na mpaka saini zote ziwepo mtoto anaendelea kukaa darasani kwake. Baba mmoja alinijibu, "Mama, hizo saini zote kwa mtoto mmoja?" Nikamwambia ng'ombe wake akivuka wilaya anatembea na kibali, itakuwa mwanawe? Alicheka, akafuata utaratibu.

Basi nilikuwa hivyo, najua kila fomu na kila kona ya kila fomu. Mwaka mmoja kabla ya kustaafu, kiburi changu kikanifikisha mahali nisipopapenda.

Ilikuwa Jumatano, na Ijumaa ya wiki ile ndiyo ilikuwa mwisho wa kuripoti. Foleni ilifika mlangoni. Akaingia mwanamume wa makamo, koti limechakaa lakini limepigwa pasi, na binti yake akiwa na ndoo, ufagio na jembe, vyote vilivyoagizwa. Tranka la bati walikuwa wameliacha nje. Walitoka Ulyankulu, kwa wale wakulima ambao wazee wao walitoka Burundi.

"Shikamoo, mama," alisema baba.

"Marahaba. Karatasi."

Akaniwekea barua, fomu ya afya, picha, kitambulisho chake, na karatasi ya shule ya msingi. Cheti cha kuzaliwa hakikuwepo, alisema amekiomba na bado hakijatoka. Nikasoma. Baba aliitwa Zakaria Ndikumana. Binti aliitwa Leokadia Nshimirimana.

"Nshimirimana ni nani?" nikauliza.

"Ni yeye mtoto, mama."

"Nauliza ni jina la nani. La babu yake?"

"Hapana. Ni lake mwenyewe."

"Mtoto ana jina ambalo si lako wala la babu?"

"Kwetu ndivyo tunavyofanya."

Ulimi hauna mfupa. Nilimwona mbele yangu yule bwana wa Igunga mwenye viatu vinavyong'aa, nikasema kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia: "Mzee, huyu mtoto ni wako kweli?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Nikamwambia aende akalete cheti cha kuzaliwa, au barua ya kijijini inayothibitisha kwamba yeye ndiye mzazi, ndipo nimwandike mtoto. Alikusanya karatasi zake moja moja, akazinyoosha, akazirudisha kwenye bahasha. "Twende, mwanangu," alisema. Binti akajitwika ndoo, wakatoka. Nikaita mwingine.

Wakati wa chai nilimsimulia Makamu Mkuu wa Shule, tena kwa kujisifu, kwamba leo nimenasa mwingine. Alikuwa ameshika kikombe, akakiweka chini.

"Mama Kalunde, jina langu unaliandika kila siku kwenye barua za shule. Umewahi kuona jina la baba yangu humo?"

Nikafikiri. "Sijawahi."

"Hutaliona. Mimi nina jina langu, baba ana lake. Kwetu Buha, na kwa hao jirani zetu Warundi, mtoto anapewa jina kwa yale yaliyotokea alipozaliwa. Nshimirimana maana yake namshukuru Mungu. Utakuta ndugu watano wa tumbo moja na majina matano. Na mimi niondoke nikamlete baba yangu? Yeye amelala kaburini Kasulu."

Nilisema fomu inataka cheti. Akaifungua ukurasa wa pili, akaniwekea kidole. Iliandikwa wazi kwamba mtoto asiye na cheti apokelewe na kiletwe baadaye. Mstari ule nilikuwa nimewasomea wazazi mamia kwa miaka yote niliyokaa pale.

"Mpigie simu arudi," alisema.

Sikuwa na namba. Nilikuwa sijaandika kitu.

Tukaingia kwa Mkuu wa Shule. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Ijumaa jioni napeleka orodha ya wasioripoti, na nafasi zao watapangiwa wengine," alisema. "Mtoto huyo ameripoti. Amekuja na jembe lake. Sitaki kuliandika jina lake kwenye orodha hiyo kwa sababu yako, Mama Kalunde." Ningependa kama angenifokea.

Alhamisi asubuhi nikapanda basi la Ulyankulu. Mvua ilikuwa imeiharibu barabara, tukashuka mara mbili kusukuma, mimi na umri wangu ule. Nilikuwa na jina la shule yake ya msingi tu, kutoka kwenye orodha ya waliochaguliwa. Mwalimu Mkuu wa pale alinisindikiza hadi nyumbani kwao. Njiani aliniambia kwamba Leokadia ndiye msichana pekee wa shule yake aliyechaguliwa bweni mwaka ule, na kwamba jana waliporudi na tranka kijiji kizima kiliwaona.

Tranka lilikuwa mlangoni, bado limefungwa kamba. Baba mtu alikuwa kwenye kigoda anatia mpini jembe. Hakuinuka.

"Nimekuja kuomba radhi," nikasema.

"Karibu," alisema, akaendelea na mpini wake. Kisha akasema, bila kunitazama: "Kwenye basi binti yangu aliniuliza, 'Baba, kwani mimi ni wa nani?' Miaka kumi na minne hajawahi kuniuliza swali hilo. Wewe ndiye uliyemfundisha."

Nililia. Sijui kama ni sahihi karani wa serikali kulia kwenye ua wa watu, lakini nililia. Nikamwambia sikujua mila yao, na ubaya zaidi ni kwamba nilijiona najua.

"Ulisema mbele ya watu," alijibu. "Sema tena mbele ya watu."

Akatuma wakaitwa majirani, na Leokadia naye akaitwa kutoka shambani. Walikuja wanaume kwa wanawake, wengine na watoto mgongoni. Nikasimama katikati, nikapiga goti kama tulivyofundwa kwetu tunapoomba msamaha, nikasema: "Mimi ni karani wa shule aliyochaguliwa mtoto huyu. Nilimwuliza baba huyu swali ambalo haulizwi mtu. Huyu ni baba yake, na huyu ni binti yake, na jina lake ni lake. Nafasi yake ipo. Kosa lilikuwa langu peke yangu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja mzee alisema neno kwa Kirundi, wengine wakaguna. Yule baba alimgeukia binti yake. Mikono ya binti ilikuwa myeusi inanata, kwa kuwa alitoka kukata maua ya tumbaku, na utomvu wa tumbaku hautoki kirahisi.

"Nawa mikono," alimwambia. "Kesho asubuhi tunaondoka."

Mama yake Leokadia akaniletea ugali wa muhogo na maharage. Nilikula wote.

Ijumaa saa nne walifika, nikawaweka wa kwanza kwenye foleni. Niliandika namba ya simu ya baba kabla sijagusa karatasi nyingine yoyote, na huo ukawa utaratibu wa masijala ile mpaka leo. Ukiwa karani mpya, shika hilo: mzazi asitoke mlangoni kwako, hata kwa kukataliwa, kabla hujajua utampata wapi. Na ukiwa mzazi, shika hili: karani akikudai kitu, mwombe akuonyeshe mahali kilipoandikwa. Wapo makarani kama mimi, wazuri sana, wenye sheria zao za moyoni. Usikunje karatasi zako ukaondoka. Uliza aliko Makamu Mkuu wa Shule.

Nilistaafu mwishoni mwa mwaka ule. Walinipa kitenge, saa ya ukutani na hotuba ndefu, nikaambiwa sikuwahi kupoteza faili. Ni kweli, na najivuna kwa hilo. Wapo watu wazima mjini Tabora wanaonisalimia njiani nami nawajibu kwa namba zao za udahili, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nimewaandika watoto wa matajiri na wa wakulima kwa wino uleule. Kazi ya karani wa shule haina mahafali yake, lakini hakuna mhitimu aliyefika mahafali bila kupita kwake.

Siku ya makabidhiano karani aliyenirithi, binti mwerevu wa Urambo, aliyapekua madaftari ukurasa kwa ukurasa kama inavyotakiwa. Makabidhiano ni hivyo, anayepokea anakagua kila kitu kabla ya kutia saini. Kwenye kurasa za mwaka ule wa mwisho akasimama.

"Mama, hapa pana tatizo. Daftari zima ni mwandiko wako, lakini mstari huu si wako. Na pembeni kuna doa jeusi."

Nikavaa miwani ingawa nilijua anachokiona. Ijumaa ile, nilipofika kwenye safu ya jina, mkono wangu ulikuwa umezoea kuanza kuandika kabla mtu hajamaliza kusema. Nikauzuia. Nikaligeuza daftari upande wa pili wa meza, nikampa yule mtoto kalamu, na mbele ya baba yake akaandika taratibu, herufi moja baada ya nyingine, huku kidole gumba kimekandamiza karatasi.

"Niliandike kwenye taarifa kama dosari?" binti akauliza.

"Andika hakuna dosari," nikamwambia. "Doa ni la tumbaku, na mwandiko ni wa mwenye jina."

Akatia saini. Nikampa funguo za kabati.